Trekta Lisilosikika Darajani

Mbao za daraja la kijiji cha Ahvenperä zinaanza kulia, halafu ndipo linasikika trekta lenyewe. Gurudumu la nyuma, lililofungwa minyororo, linapanda ubao wa mwisho, na kule ng'ambo ya mto taa ya jikoni inawaka. Ni asubuhi ya Januari. Jua bado liko mbali sana, na theluji iliyoanguka usiku kucha imefunika njia yote, ukikanyaga inakufika magotini.

Juu ya trekta amekaa Taisto Kemppainen, mwenye miaka sitini na nne. Amegeuza shingo, anatazama nyuma. Mashine yake ya kurushia theluji imefungwa nyuma ya trekta, kwa hiyo uwanja wa kila mtu anauingia kinyumenyume.

"Wenzangu wanaona wanakokwenda," anasema. "Mimi naona nilikotoka."

Trekta ni la kijivu, na limemzidi umri. Halina kibanda cha dereva wala paa. Bomba lake la moshi lilipasuka zamani, likazibwa kwa bati, bati nalo likaanguka, na tangu hapo halikuzibwa tena. Mlio wake unafika kijiji kizima, ingawa kijiji chenyewe siku hizi ni nyumba chache tu zenye moshi.

Uwanja wa kwanza ni wa Lempi Heikkinen, bibi wa miaka themanini na saba anayeishi peke yake. Taisto akimaliza kuusafisha, mlango unafunguka. Lempi anasimama kwenye ngazi, amevaa koti la marehemu mumewe, na mkononi ana kikombe cha kahawa na kipande cha mkate mtamu wa iliki.

"Umechelewa," anamwambia.

"Theluji nyingi, bibi."

"Hii nayo unaita theluji? Mimi nikiwa mtoto tulikuwa tunatokea dirishani. Hii ni unga."

"Basi kesho nitakuja na chekecheke."

"Kunywa wewe, kijana. Kahawa itaganda."

Taisto anakunywa akiwa amesimama, trekta linanguruma kando yake. Hawezi kulizima, maana stata imechoka, na likizimwa huenda lisiwake tena. Anarudisha kikombe, anagusa kofia, anapanda, anaondoka kinyumenyume kama alivyokuja.

Maongezi ndiyo hayo. Siku nyingi za baridi Taisto hapati mengine mpaka analala.

*

Hakuwahi kuoa. Baba yake alimwachia nyumba, msitu, na hilo trekta la kijivu. Mama yao alipofariki, dada yake Marjatta akahamia mjini Oulu. Taisto akabaki na kazi ambayo baba yake alikuwa akiifanya bila kuambiwa na mtu: kukata kuni msituni, na theluji ikianguka, kuwafungulia majirani njia.

Kuni ndizo zinamlisha. Anaingia msituni wakati ardhi imeganda, anakata miti ya gome jeupe ambayo watu wa mjini wanaipenda kwa sauna zao, vile vyumba vya kuogea mvuke, anaivuta kwa winchi hadi njiani, anaipasua, anaipanga ikauke. Anasema mwaka mzuri unamlipia umeme, dizeli na kahawa. Mwaka mbaya unamlipia kahawa.

"Kahawa haijawahi kukosa," anasema. "Ningekuwa nakosa kahawa ningehama."

Msimu uliopita sanduku la gia la trekta likapasuka. Taisto akaliunga mwenyewe kwa kulichomelea, lakini alijua hiyo ni dawa ya muda. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Breki inashika upande mmoja. Ilikuwa lazima atafute trekta jingine, na si trekta lolote.

Ukisikia watu wanasema "chukua dogo tu, la kutosha theluji na kuni," unaweza kudhani ni jambo rahisi. Taisto alikaa nalo kipupwe chote na kiangazi chote. Theluji inataka kitu kimoja, msitu unataka kingine. Theluji inataka kibanda chenye vioo na joto, dereva akae ndani kama yuko sebuleni. Msitu hautaki vioo. Njia za msituni kwake zilifunguliwa na baba yake kwa farasi, na upana wake ni wa farasi na sleji, gari la kuburutwa thelujini. Tawi la msonobari lililobeba theluji likikuangukia, linaondoka na kila kilichojitokeza.

Halafu kuna uzito. Trekta jepesi linaserereka ukiliambia livute gogo, na zito linazama pale ardhi ikilainika. Kuna tumbo la trekta, ambalo lazima lifunikwe kwa bamba la chuma, kwa sababu visiki havina huruma. Kuna klachi, maana goti lake la kushoto halitaki tena kukanyaga klachi kutwa nzima.

Na kuna sikio.

Sikio la kushoto la Taisto liliungua kwa baridi miaka kadhaa iliyopita, siku ya upepo, akiwa amegeuka nyuma kama kawaida. Sehemu ya juu ni nyeupe, haina hisia. Daktari alimwambia waziwazi kwamba likiganda mara nyingine halitapona.

Dada yake hakuhitaji kusikia zaidi ya hapo.

"Unanunua lenye kibanda," Marjatta alimwambia kwenye simu. "Sitaki maneno."

"Sijasema neno."

"Ndiyo tabia yako. Husemi, halafu unafanya unavyotaka. Taisto, sikio likikatika nitakuwa naongea na nani kwenye simu?"

"Nina jingine."

"Hilo jingine halinisikilizi tangu tuko wadogo."

*

Duka la matrekta mjini lilimtuma Henna, binti wa miaka ishirini na kitu, mchangamfu, anayeuza matrekta kama vile anakutafutia mchumba. Alikuja mwanzoni mwa Desemba na trekta dogo jekundu kwenye gari la mizigo. Lilikuwa na kibanda cha vioo, hita, kiti cha kunesa, taa kila kona, na kanyagio moja tu la kwenda mbele na jingine la kurudi nyuma.

"Kaa nalo wiki nzima, mzee," Henna alimwambia. "Lifanyishe kazi zako zote. Likikuudhi, nipigie. Likikufurahisha, nipigie pia, maana watu wakifurahi huwa hawapigi."

Siku ya kwanza ikaanguka theluji. Taisto aliingia ndani ya kibanda, akafunga mlango, na kelele zote za dunia zikabaki nje. Anasema alivua glavu. Halafu akavua kofia. Hakuwahi kufanya kazi ya theluji akiwa kichwa wazi maishani mwake.

Alivuka daraja bila hata kujua amevuka. Matairi yalikuwa mapya, ya baridi, yenye misumari midogo ya chuma, hayakuhitaji minyororo. Alisafisha uwanja wa Lempi nusu ya muda aliouzoea. Taa ya jikoni iliwaka wakati anakaribia kumaliza. Pazia likasogea kidogo, likarudi.

Mlango haukufunguka.

Alisubiri kidogo, akajifanya anasawazisha theluji pale kwenye ngazi ambapo palikuwa pameshasawazishwa. Akapunga mkono. Halafu akaondoka.

"Nilisema labda kalala vibaya," anasema.

Siku iliyofuata theluji ikaanguka tena, na mlango haukufunguka tena. Kwa Urho Tolonen, jirani wa pili, dereva mstaafu wa malori ambaye hajawahi kukosa cha kumtania Taisto, ikawa hivyohivyo. Uwanja safi, dirisha lina taa, hakuna mtu. Taisto akawa anarudi nyumbani mapema, mwili umepata joto, nguo kavu, hajachoka. Anakaa mezani. Saa ya ukutani inalia. Kazi imekwisha, na siku ndiyo kwanza inaanza.

Mtu wa mahali pengine angepiga honi. Au angeshuka, agonge mlango, aseme jamani leo vipi, kahawa iko wapi. Ahvenperä mtu hafanyi hivyo. Honi kwenye uwanja wa mtu ni ya kutangaza moto au msiba. Na kahawa haiombwi. Mwenye nyumba akikusikia unakuja, anateleka. Asipoteleka, ana sababu yake, na wewe huiulizi.

Basi Taisto hakuuliza. Wiki ikaenda hivyo, kila asubuhi na ukimya wake. Alianza kujiuliza amekosea wapi. Labda utani fulani kuhusu mbwa uliomtoka. Labda Lempi amechoka kupika mikate. Labda amechoka na yeye.

"Ndani ya kile kibanda unajisikia vizuri sana," anasema, akiangalia mikono yake. "Unakuwa kama samaki wa dukani. Watu wanakuona na wewe unawaona, basi."

Mwisho wa wiki aliingia nalo msituni. Hakwenda mbali. Msonobari wa tatu ukashika kioo cha pembeni ukaking'oa, na wa nne ukakwaruza mlango toka mwanzo hadi mwisho. Alimpigia Henna kwa aibu.

"Ni kioo tu, mzee," Henna alicheka. "Kila mtu wa msituni ananivunjia kioo. Wewe angalau umenipigia. Haya niambie, limekufurahisha?"

Taisto aliugusa mlango uliokwaruzwa.

"Lina joto," alisema.

*

Habari yenyewe aliipata kwenye masanduku ya barua. Kijijini masanduku yote yamepangwa mstari mmoja kule barabara kubwa, na hapo ndipo watu hukutana kwa bahati, kila mtu akihakikisha bahati hiyo inatokea saa posta inapopita. Urho alikuwa amesimama hapo, gazeti kwapani.

"Aa, umefufuka," Urho alisema. "Au umekuja kutuaga?"

"Kuaga nini?"

"Si umeuza kazi kwa watu wa mjini? Tumewaona na trekta lao jekundu. Taa zinapiga dirishani kama ndege inatua. Nikamwambia paka wangu, Taisto kawa mkurugenzi, sasa anatuma watu."

"Ilikuwa ni mimi."

Urho alimtazama toka viatu hadi kofia.

"Wewe? Mle ndani?"

"Ndiyo."

"Wiki nzima?"

"Ndiyo. Nilikuwa napunga mkono."

"Ulikuwa unampungia nani? Taa zile, mtu haoni hata pua yake." Urho alianza kucheka, halafu akaacha. "Sikiliza. Nenda kwa Lempi. Ameshampigia binti yake. Anasema kama Taisto ameacha, yeye naye baridi hii ni ya mwisho. Wanamtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee, huko huko kwa binti, kusini."

Taisto hakupanda trekta lolote. Alikwenda kwa miguu, njiani akapita kwenye banda lake akachukua koleo, akavuka daraja. Uwanja wa Lempi alikuwa ameusafisha asubuhi ileile kwa mashine, hapakuwa na theluji ya kuzoa. Lakini kwenda kwa mtu mikono mitupu, bila kazi ya kufanya, hakujua kunafanywaje.

Alikuta ngazi safi. Akaanza kuikwangua hivyohivyo.

Mlango ukafunguka.

"Unakwangua mbao zangu," Lempi alisema.

"Kuna barafu, bibi."

"Hakuna barafu." Akamtazama. "Kumbe mzima."

"Mzima."

"Nilidhani unaumwa, nikasema si kazi yangu kuuliza. Halafu nikadhani umenichoka. Hilo nalo si la kuuliza."

"Ni trekta, bibi. Lile jekundu. Nilikuwa ndani."

Lempi alitazama njia, kana kwamba lile trekta bado lipo pale, linamulika.

"Sikukusikia," alisema. "Mimi nakusikia darajani, ndio nateleka. Kahawa inaiva na wewe unamaliza. Sasa likatokea tu taa uwanjani, mtu simjui, mimi niko na nguo ya kulalia, nywele zimesimama. Nitoke na kikombe nimpe nani?"

Aliingia ndani. Taisto akabaki na koleo lake. Jikoni, kupitia mlango ulioachwa wazi, aliona vikombe vimefungwafungwa kwa magazeti, vimo ndani ya boksi.

Lempi akavua gazeti kwenye kimoja, akakipuliza, akaweka maji jikoni.

"Ingia, unaingiza baridi," alisema.

*

Wiki hiyohiyo Taisto alimrudishia Henna trekta jekundu. Henna alikuwa na jingine, la mkono wa pili, la kijani, jembamba, limeshafanya kazi msituni kwa mtu mwingine huko mashariki. Lina bamba la chuma tumboni na kanyagio lisilohitaji klachi. Matairi yake ya nyuma yamejazwa maji ya chumvi ili liwe zito bila kuwa pana. Juu yake kuna chuma cha kumkinga dereva likipinduka, na zaidi ya hapo ni mbingu. Taisto akaliagiza hilo.

"Mzee, dada yako ataniua," Henna alimwambia. "Alinipigia. Alisema kibanda, akarudia mara mbili."

"Mwambie misonobari imekataa."

"Nimwambie misonobari?"

"Ameishi hapa. Ataelewa."

Marjatta hakuelewa, au alielewa na hakupenda. Alikaa siku kadhaa bila kupiga simu. Halafu kikaja kifurushi kutoka Oulu, ndani yake kofia ya manyoya yenye masikio marefu ya kufungwa kidevuni, na ujumbe wa mstari mmoja: ivae, mkaidi wewe. Taisto anaivaa. Akifunga masikio hasikii chochote, kwa hiyo analifunga la kushoto na kuliacha la kulia wazi. Urho anasema anafanana na sungura aliyepigwa na gari.

Lakini trekta la kijani lina tatizo. Taisto aliligundua mjini, alipokwenda kulijaribu. Injini yake ni kimya. Siyo kimya kama lile jekundu, ila mlio wake ni mdogo, laini, hata paka hawezi kushtuka. Alimuuliza fundi wa dukani kama bomba la moshi linaweza kufanywa lipige kelele kidogo.

"Fundi alidhani natania," anasema. "Alisema watu wote wanamlipa azipunguze."

Basi akafikiria minyororo. Trekta la kijivu lina jozi mbili, moja magurudumuni, nyingine ya akiba, imening'inia bandani tangu enzi za baba yake. Magurudumu ya lile la kijani ni madogo zaidi. Siku za Januari ambazo theluji haikuanguka, Taisto alikaa bandani akifupisha ile ya akiba, pete moja baada ya nyingine, kwa msumeno wa chuma na tupa. Kazi ya vidole vilivyoganda. Hakuwa na hakika kama itasaidia.

Jumapili moja, akiwa amekaa jikoni kwa Lempi, alimuuliza.

"Bibi, pale darajani unasikia nini hasa? Injini au minyororo?"

Lempi alifikiri.

"Sijui mimi mambo ya mashine," alisema. "Nakusikia wewe."

Jibu hilo halikumsaidia mtu anayenunua trekta. Wakakubaliana wajaribu. Lempi atakaa jikoni, dirisha limefungwa, kama asubuhi ya kawaida. Taisto ataburuta minyororo darajani. Lempi akisikia, awashe taa.

Taisto aliipakia kwenye sleji, akashuka nayo hadi mtoni, mwanga wa mchana ukiwa umeshaanza kuondoka. Akaikunjua, akashika ncha mbili, akaiburuta juu ya mbao. Akatazama juu. Dirisha likabaki jeusi.

Akarudi mwanzo. Akaiburuta tena kwa nguvu zaidi. Bado dirisha jeusi.

Anasema alisimama pale muda. Mto ulikuwa umeganda, hakuna upepo, hakuna gari, hakuna hata mbwa. Kijiji chote kilikuwa kimya kama kimekwisha kuhamwa. Alifikiria boksi la vikombe, ambalo Lempi hajalifungua lote bado. Chumba kile kusini hajakikataa. Amesema tu wasubiri.

Kisha akaondoa theluji juu ya mbao kwa mguu, akaipiga teke yote hadi mti ukaonekana mtupu, kama inavyofanya ile mashine inapopita. Akaweka minyororo begani, akaenda mwanzo wa daraja, akaishusha, na safari hii hakutembea. Alikimbia. Mzee wa miaka sitini na nne, kofia ya manyoya sikio moja juu, anakimbia darajani peke yake na minyororo nyuma, inarukaruka ubao hadi ubao.

Taa ikawaka.

Alipofika kwenye ngazi, akihema, Lempi alikuwa mlangoni na koti la mumewe.

"Umechelewa," alisema. "Nimeshateleka."

Trekta la kijani litaletwa mwisho wa Februari, Henna akipata nafasi kwenye gari la mizigo. Mpaka hapo la kijivu linaendelea kunguruma, na Taisto anaomba sanduku la gia livumilie. Amepanga kuondoa theluji yote iliyoshikana juu ya mbao za daraja kabla trekta jipya halijafika, na kuziacha tupu baridi yote. Anaomba jambo moja zaidi, jambo ambalo anasema hajawahi kuliomba tangu azaliwe.

"Naomba theluji iendelee kuanguka hadi Aprili," anasema. "Isije ikawa bibi ananisikia, kahawa iko tayari, halafu mimi sina sababu ya kwenda."